Kalenda Juu ya Ufa: Mwongozo wa Kutengeneza Nyumba Kabla ya Kuiuza Masara

Kabla hujanunua hata brashi ya rangi, hakikisha nyumba unayotaka kuuza inauzika. Huku Masara, Migori, nyumba iliyo ndani ya dala, yaani boma la familia, penye kaburi la babu na simba (nyumba) ya kijana mkubwa karibu na lango, haiwekewi kibao. Ipake rangi uipendayo, izungushie taa, ufyeke nyasi mpaka barabarani. Mnunuzi akifika, baba wakubwa na baba wadogo watakuja waketi kwenye viti vya plastiki bila kusema neno, naye atakumbuka ghafla kwamba ana shughuli Rongo.

Jambo hili lilisikika hadi Mahakama ya Rufani. Katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyoifanya Kenya nzima ikeshe redioni mwaka 1987, ubishi mkubwa mmoja ulikuwa kwamba Mjaluo anaweza kujenga popote Nairobi na bado kwao pakawa pale alipozaliwa. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kwa hiyo nyumba ya dala itengeneze kwa ajili ya watu wako, wala usimwite broka.

Mwongozo huu ni wa nyumba za ploti. Ni zile za matofali ya kuchoma na mabati zilizo kituoni na kandokando ya barabara ya kutoka mji wa Migori kwenda Muhuru Bay, zilizojengwa kwa pesa za dhahabu, za tumbaku, za samaki au za mshahara wa ualimu. Mwenyewe sasa anahamia kwa watoto Kisumu, au karo ya chuo imemkaba.

Mjue kwanza atakayekuja kuitazama. Mnunuzi wa Masara haji peke yake. Huja na fundi anayemwamini, na shemeji ambaye kazi yake ni kusema bei iko juu, na shangazi. Fundi atagonga kuta na shemeji atatazama geti. Wa kujiandaa naye ni shangazi. Hasemi na mtu. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anavuta pumzi kwa pua, anatazama kona ya dari, anafungua mlango wa nyuma na kuhesabu hatua mpaka chooni. Akirudi sebuleni ataiondoa kalenda ukutani.

Kila mtu kuanzia Masara hadi Homa Bay anajua kalenda ya mwaka juzi inafanya kazi gani katikati ya ukuta uliopakwa rangi wiki iliyopita. Imeficha ufa. Kabati lililosogezwa kwenye kona limeficha unyevu, na zulia jipya katika nyumba ambayo haijawahi kuwa na zulia limeficha sakafu iliyobonyea. Wenye nyumba hutumia pesa nyingi kwa mapazia kuliko wangetumia kwa mfuko mmoja wa simiti, na mimi hilo linaniuma, maana fundi wa simiti yuko hapo hapo sokoni. Tena ukishauza, mnunuzi hapotei. Mtakutana siku ya soko, mtakutana kanisani, na mkiwa matangani atawekewa kiti kando yako. Aprili ikifika na maji yakamshukia kitandani, hadithi ya kalenda itasimuliwa mbele ya umati wenye saa nne za kusubiri chakula.

Basi anzia juu.

Chagua siku ya jua kali, saa sita mchana. Panda darini, mwambie mtu afunge mlango na madirisha, ukae gizani kidogo macho yazoee. Kila nukta ya mwanga unayoiona kwenye mabati ni tundu la maji. Weka alama kwa chaki. Kazi hii ifanye Januari au Februari, kabla mvua za masika hazijaanza Machi, kwa sababu fundi wa paa ukimtafuta Aprili utamkuta juu ya paa la mwenzako aliyechelewa kama wewe.

Matundu mengi hayatokani na kutu. Hutoka kwenye misumari. Chini ya kichwa cha msumari wa bati kuna raba, na raba ikikaa juani miaka mingi hukauka na kupasuka. Upepo wa jioni kutoka ziwani unalitikisa bati, msumari unalegea, tundu linapanuka. Usiupigilie msumari ule ule katika tundu lile lile. Utashika mpaka dhoruba ya kwanza. Ung'oe, weka mnene zaidi wenye raba mpya, au skrubu. Kisha tazama pale bati moja linapolala juu ya jingine, na chini ya kofia ya paa, kwa kuwa kutu huanzia pale maji yanapojificha. Bati lililoliwa libadilishe lote. Kama la zamani ni la geji 28, usilete la geji 30 kwa kuwa ni rahisi, kwani ni jembamba zaidi na fundi wa mnunuzi atalijua kwa kidole. Na usione haya kwamba bati jipya linang'aa katikati ya mabati mekundu. Liache ling'ae. Mazungumzo yatakuwa mafupi:

"Mzee, hapa mvua haiingii?"

"Iliingia kwenye kona ile, mwanangu. Nimebadilisha mabati mawili na kofia. Ngazi iko nyuma, panda uone."

Mnunuzi aliyeambiwa hivyo hapandi. Anamtuma fundi, fundi anashuka akitikisa kichwa kwa kukubali, na shemeji anapungukiwa na la kusema.

Baada ya bati ni gata. Gata zimedharauliwa mno nchi hii, na zinastahili kupewa heshima yake. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo huku ni mvua ya jioni moja tu ya Aprili, inashusha karibu lita 1,600. Gata ikiwa nzima, maji hayo yanajaza tangi la lita 1,000 na kumwagika. Katika mji ambao watu hununua maji kwa mtungi, tangi lililojaa mbele ya macho ya mnunuzi linaongea kuliko broka. Gata ikiwa imeoza au haipo, lita hizo hizo 1,600 zinaanguka kwenye mstari mmoja chini ya ukuta, zinachimba mfereji kando ya msingi, na kurusha matope ukutani mpaka usawa wa goti.

Ndiyo maana plasta ya chini hubanduka kila mwaka, na mwenye nyumba kila mwaka huipaka rangi upya akiilaumu rangi. Rangi haina kosa. Ukuta unakunywa maji kutoka chini. Bandua plasta yote iliyolegea, acha tofali likauke wiki kadhaa, piga plasta mpya, kisha mwaga zege nyembamba kuzunguka nyumba, yenye mteremko wa kwenda nje. Chimba mtaro uyaongoze maji mbali na msingi, na tafadhali usiuelekeze kwa jirani. Jirani ataulizwa na mnunuzi, na jirani ana kumbukumbu ya kila mvua iliyonyesha tangu ujenge.

Sasa mchwa. Chukua bisibisi, uchome taratibu miimo ya milango, fashia na mbao za paa pale zinapokutana na ukuta. Bisibisi ikizama bila kelele, pale hapana mbao tena, pana rangi iliyosimama wima kwa mazoea. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani kwa ndani au kwa nje, ivunje sehemu ndogo, urudi baada ya siku tatu nne. Ikiwa imejengwa upya, wenyewe wamo. Mwite mtu wa dawa ya mchwa, lakini ondoa kwanza chakula chao: kuni zilizoegemezwa ukutani, mabaki ya mbao za ujenzi, ile bodi iliyosahaulika chini ya tangi. Wengine humwaga oili chafu ya gari kuzunguka msingi. Mimi siikubali, maana oili hiyo inafuata maji mpaka kisimani, na huwezi kumuuzia mtu nyumba na kisima chenye oili.

Kama kuna kichuguu ndani ya ploti, amua mapema. Kuna familia zinazokipenda kwa sababu mvua za kwanza hukifanya kitoe kumbikumbi, na ngwen, ndio kumbikumbi hao, wakikaangwa ni chakula cha heshima. Lakini kichuguu kilicho karibu na msingi kinapaswa kuondoka, na familia ipewe nafasi ya kuvuna mara ya mwisho kabla fundi hajaanza. Ukiwanyima hiyo, hutapata mtu wa kukushikia tochi.

Popo wa darini wanahitaji ustaarabu zaidi. Ukiziba matundu mchana umewafungia ndani, na harufu yake mnunuzi ataipata akiwa getini. Subiri magharibi, watoke wote kwenda kutafuta riziki, ndipo uzibe kwa wavu na simiti. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, ukiacha tundu moja la kutokea mpaka uhakikishe wa mwisho ameondoka, na usifanye wakati wana watoto wasioweza kuruka. Kinyesi chao kilowanishe kwa maji kabla ya kukikwangua, ujifunge kitambaa kizito au barakoa. Vumbi la kinyesi cha popo huweza kubeba ukungu unaoumiza mapafu. Silingi bodi iliyolowa mkojo wa popo haisafishiki. Ing'oe, nunua nyingine.

Nimefika kwenye nyufa, na hapa nitakaa.

Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua, lakini Masara ina sababu zake za kupasuka, na kuziba peke yake hakutoshi. Sababu ya kwanza ni udongo. Sehemu nyingi za huku, hasa ukielekea Nyatike, zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi mpaka ardhi inafunguka mianya ya kuingiza mkono. Msingi wa kina kifupi uliowekwa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, na ukuta hupasuka kimshazari kutoka kwenye kona za milango na madirisha. Kabla ya kuziba, jua kama ufa unatembea. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake zote mbili, kisha paka kibandiko kidogo cha plasta juu yake. Kibandiko kikipasuka ndani ya miezi michache, nyumba bado inatembea, na dawa iko chini: kuondoa maji yanayotuama kando ya msingi, kukata mti mkubwa unaonyonya upande mmoja, au kumwita fundi wa kuimarisha msingi. Kibandiko kikibaki kizima masika na kiangazi, panua ufa kwa patasi, ujaze, upige plasta. Zile tarehe za penseli zipige picha kabla hujazifunika. Mnunuzi mwenye akili atazithamini kuliko marumaru.

Sababu ya pili ni mashimo. Masara iko kwenye mkanda wa dhahabu wa Migori, ule ule ulioleta mgodi wa Macalder enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo hawajaacha kufuata mshipa unakokwenda. Mshipa hausomi mipaka ya ploti. Unaweza kuwa na nyumba iliyonyooka kabisa juu, na chini yake njia ya mgodi iliyochimbwa kutoka kwenye shimo lililo nyuma ya ua wa jirani. Kwa hiyo kabla ya kuuza, tembea na mzee anayekumbuka. Muulize mashimo yalikuwa wapi, yapi yalifukiwa, kwa nini yalifukiwa, na kwa kitu gani. Shimo lililofukiwa kwa takataka na matawi hubonyea. Lifukue, ulijaze mawe na udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, ulizungushie alama. Kama liko karibu na nyumba, mwonyeshe mnunuzi kwa mguu wako mwenyewe. Hapa hakuna nafasi ya mchezo: watu wamekufa kwenye mashimo ya Migori, na mtoto wa mnunuzi atakimbia uani siku ya kwanza.

Ukiwa hapo uani, fikiria pia jikoni. Ikiwa kuna mtu aliyewahi kuchomea dhahabu ndani ya nyumba, akivukiza zebaki kwenye jiko la makaa, usiitafutie rangi ya kufunika. Mvuke wa zebaki huganda kwenye kuta, kwenye vyombo na kwenye vumbi la dari. Jikoni hapo pasipikwe wala watoto wasilale. Mwambie mnunuzi, na mtake ushauri wa ofisi ya afya ya umma kabla mtu hajaanza kukwangua. Ni mazungumzo mazito, lakini yafanyike kabla ya malipo.

Na kuna lile pambo la maneno ambalo mabroka hulipenda: "Chini ya hii nyumba kuna dhahabu." Wakataze. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Madini ya 2016 zimeweka madini yote mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa chini ya kitanda chako. Unachouza ni nyumba na ploti. Tena mnunuzi akiisikia hiyo dhahabu atafanya hesabu ya haraka: kama kuna dhahabu, kuna mashimo.

Turudi kidogo kwenye kuta. Ukitaka kuona zilizotunzwa, nenda Thimlich Ohinga, kilomita zipatazo 46 kutoka mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, yanayoaminika kujengwa karne ya 16, na sehemu nyingine za kuta hupita mita nne kwenda juu. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kinachonigusa mimi pale ni kwamba jamii moja iliondoka, nyingine ikaja, na waliokuja wakayarudishia mawe yaliyoanguka, kizazi baada ya kizazi.

Choo kisikuchoshe: kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, sakafu isiyotikisika, paa lisilovuja, na shimo ambalo halijajaa. Kama limekaribia kujaa, chimba jipya sasa, mbali na kisima, angalau mita 30. Shangazi atahesabu.

Umeme ushughulikiwe na fundi mwenye leseni, hata kama mpwa wako anajua. Waya uliofungwa kwa karatasi ya nailoni uondoke. Deni la meta lilipwe.

Rangi sasa. Ndiyo, hapa mwisho. Rangi moja nyepesi ndani na nje, baada ya plasta kukauka. Milango ipate vanishi. Inatosha.

Lakini tengenezo kubwa kuliko yote, ambalo fundi hana kifaa chake, ni karatasi. Nyumba nyingi za huku ziko kwenye hati yenye jina la marehemu. Ukiwa umeipaka rangi nyumba ya baba aliyefariki bila kufungua kesi ya mirathi, umepaka rangi nyumba usiyoweza kuiuza. Anza mahakamani, pata barua za usimamizi, zithibitishwe, jina libadilishwe, ndipo umwite mnunuzi. Fanya sachi kwenye masjala ya ardhi wewe mwenyewe, kabla yake, ukajionee kama kuna zuio ulilolisahau au mkopo wa mwaka ule. Kama ploti ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi ni lazima, na bila hiyo makubaliano yenu ni batili. Na kama nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataka ridhaa ya mwenzako. Mwite mama mwenye nyumba tangu siku ya kwanza ya matengenezo, siyo siku ya sahihi. Ndiye anayejua paa linavuja wapi, kwa sababu ndiye aliyeweka masufuria usiku.

Weka pia risiti zote za kazi hii. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 1, 2023. Gharama zilizoongeza au kuhifadhi thamani ya nyumba, na ambazo bado zinaonekana siku ya kuuza, hupunguzwa kwenye faida hiyo kabla ya kodi. Ukiwa umeishi humo mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo hadi unapouza, nyumba ya makazi yako husamehewa. Muulize mhasibu kabla ya kumuuliza shemeji.

Siku ya kukabidhi, andika kwenye makubaliano vitu vyote vinavyobaki: tangi, gata, geti, vitasa, balbu, pampu ya kisima. Andika na visivyotengenezwa, kwa majina: dirisha la chumba cha pili halifungi vizuri, bomba la nje linadondoka, shimo la zamani liko hatua kumi na mbili kutoka mwembe, limejazwa mawe. Mnunuzi atie sahihi, na wewe utie. Halafu mpe funguo zote, pamoja na ile ya kufuli la choo, na usirudi usiku kuchomoa balbu.